Kikonyo, Pingili au Tawi? Uhakiki wa Istilahi za Kuotesha Mimea kwa Vipande vya Shina

Utangulizi

Katika vibanja vya Bukoba na Muleba mimea mingi haizaliwi na mbegu. Mgomba hupandwa kwa chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mama yake. Muhogo hupandwa kwa kijiti, viazi vitamu kwa marando, na vanila kwa kipande cha mtambao wake. Hata ua la mbele ya nyumba aghalabu hutokana na kitawi ambacho mwenye nyumba alikiomba kwa jirani, akakichomeka katika kopo lenye udongo, akakiweka kivulini karibu na mtungi. Kazi hii ni ya nyumbani. Haikungoja wataalamu wala vitabu.

Katika miaka ya karibuni kazi hiyo ya nyumbani imepata uzito mpya kwa sababu ya kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko fuzari uliingia katika mibuni ya robusta mkoani Kagera, ukakausha miti iliyorithiwa kwa vizazi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), iliyoanza kazi mwaka 2001, ilifanya uchaguzi wa mibuni inayostahimili ugonjwa huo katika kituo chake cha Maruku, na mwaka 2011 zikatolewa aina nne za robusta: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Aina hizo huzidishwa kwa vipande vya shina, na vikundi vya wakulima navyo hujifunza kuotesha vipande hivyo katika vitalu vyao wenyewe.

Hapo ndipo lugha inapohusika. Jambo ambalo zamani lilionyeshwa kwa mkono sasa huelezwa kwa maandishi: katika karatasi za maelezo, katika barua za ofisi, katika masomo ya kilimo na katika fomu za takwimu. Anayeyaandika mara nyingi ni mfasiri, mwalimu au mtumishi wa umma ambaye hajapata kushika kisu cha kukatia vipande. Tumekusanya maneno yanayotumika katika maandishi ya namna hiyo, nasi tunakusudia kuyahakiki hapa moja baada ya jingine. Tulianza kazi hii tukiwa na lengo la kulikosoa neno moja. Tumeimaliza tukilitetea neno hilo na kulishtaki jingine ambalo hatukulidhania kabisa.

Neno mbegu

Mkulima husema "mbegu ya muhogo" akiwa ameshika vijiti, na "mbegu ya viazi" akiwa amebeba mzigo wa marando kichwani. Kwake mbegu ni kitu chochote kinachowekwa ardhini ili kilete mmea. Matumizi hayo ni ya kale na hayana kosa lolote katika mazungumzo. Hakuna atakayekwenda shambani kutafuta punje za muhogo kwa sababu jirani yake amemwahidi mbegu.

Matatizo huanza neno hilo linapopanda ngazi za ofisi. Tumeona fomu yenye safu moja tu iliyoandikwa "Mbegu (kilo)", na chini yake karani amelazimika kuingiza mahindi, maharage, vijiti vya muhogo na miche ya kahawa. Muhogo, ambao vijiti vyake hufungwa kwa mafungu, ukapewa uzito wa kukisia. Miche ya kahawa ikaachwa bila kuandikwa. Aliyeisoma fomu hiyo makao makuu aliamini kwamba mahali pale kahawa haikupandwa mwaka ule.

Kwa robusta hatari ni kubwa zaidi. Mbuni wa arabika kwa kawaida hujichavusha wenyewe, hivyo mbegu yake hufanana na mama kwa kiasi kikubwa. Mbuni wa robusta hauwezi kujichavusha. Hupokea chavua ya mbuni mwingine, na punje zake huzaa miti yenye tabia zilizochanganyika. Mtu aliyechuma buni katika mti unaostahimili mnyauko, akaziotesha, hana hakika kwamba miche yake itastahimili. Kwa hiyo anayemwandikia mkulima wa Kamachumu "pata mbegu ya Muleba 1" hajamwambia jambo dogo lenye utata mdogo. Amemwachia nafasi ya kuchuma punje, kuziotesha, kungoja miaka, na kupata mti ambao si Muleba 1. Katika habari za robusta neno mbegu libaki kuwa punje tu.

Neno kipandikizi

Wafasiri wengi hulipenda neno hili kwa kuwa linasikika kuwa la kitaalamu na limejengwa vizuri kutokana na kitenzi kupandikiza. Lakini tujiulize, kupandikiza ni kufanya nini? Mkulima wa mpunga hupandikiza anapohamisha miche kutoka kitaluni. Mwenye bustani ya maembe husemwa kuwa anapandikiza anapounganisha kikonyo cha mti mmoja na shina la mwingine, kazi ambayo wengine huiita kubebesha. Daktari hupandikiza figo. Na katika kila zahanati ya nchi hii kipandikizi ni kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa mama.

Maana hiyo ya mwisho imeenea kuliko zote. Tangazo lililobandikwa penye ofisi ya kata, lenye maneno "Vipandikizi vinapatikana hapa, njooni mapema", litawaleta watu wa haja mbili tofauti, na kundi moja litarudi likicheka au likikasirika. Hatusemi kwamba neno moja haliwezi kuwa na maana katika taaluma mbili. Maneno mengi yako hivyo na hayatudhuru. Tunasema kwamba hapa neno lina kazi tatu ndani ya kilimo chenyewe kabla hata halijafika kwa daktari. Istilahi inayohitaji kuulizwa "kipandikizi kipi?" kila inapotajwa haijatimiza wajibu wake.

Msomaji mwangalifu atakuwa ametuona, katika aya iliyotangulia, tukiandika "kikonyo cha mti mmoja" tulipozungumza juu ya maembe. Hatukulifuta makusudi. Neno hilo lilitutoka lenyewe, na jambo hilo lina maana tutakayoieleza hivi punde.

Maneno pingili na marando

Pingili, kwa asili, ni sehemu ya muwa au mwanzi iliyo kati ya fundo na fundo. Mabwana shamba na mabibi shamba walilichukua neno hilo na kulipeleka kwenye muhogo, na leo "pingili za muhogo" ni usemi uliokubalika kote. Wako wanaotaka lienezwe hadi kwenye kahawa, na hata kwenye maua ya nyumbani, liwe jina la jumla la vipande vyote.

Tunawaelewa, lakini twaona kuna kasoro. Jicho linalochipua liko penye fundo. Halipo katikati ya fundo na fundo. Pingili kwa maana yake halisi, ikikatwa ikaachwa bila fundo, haina chipukizi la kutoa. Kwa muwa na muhogo kosa hilo halidhuru, maana kipande kinachopandwa ni kirefu na hubeba mafundo kadhaa. Kwa robusta kipande ni kifupi na hubeba fundo moja tu. Mtu akiambiwa akate pingili, naye akaelewa neno hilo kama lielewekavyo na watafunaji wa miwa, atakata chini ya fundo moja na juu ya jingine, na atakuwa ameshika kijiti kisicho na jicho. Pingili ibaki kwenye miwa na mihogo, ambako imezoeleka na haina madhara.

Marando hayana ugomvi. Ni ya viazi vitamu, na kwa kuwa vanila nayo hutambaa, wapo wanaosema marando ya vanila. Hatuna sababu ya kuwazuia. Neno limehamia mahali panapofanana na kwao.

Neno kikonyo

Sasa tumelifikia neno tulilokusudia kulikosoa. Katika maandishi na mafunzo ya kahawa kipande cha shina huitwa kikonyo, na miche inayotokana nacho huitwa miche ya vikonyo. Mwenye kamusi mezani hustuka. Kikonyo ni kijiti kinachoshika tunda, ua au jani penye mti. Kikonyo cha embe ni kile kinachobaki embe likidondoka. Huko Unguja na Pemba neno hili ni la biashara kubwa: karafuu zikichumwa huchambuliwa, karafuu upande mmoja na makonyo upande wa pili, na makonyo hayo hukamuliwa mafuta. Pemba kuna kiwanda kinachojulikana kwa jina la Kiwanda cha Makonyo. Mfasiri wa Chake Chake akisoma kwamba wakulima wa Bukoba wanapanda vikonyo vya mbuni, ana haki ya kuuliza kama wamerukwa na akili, maana kwake kikonyo ni kile kinachobaki baada ya mazao kutolewa.

Hoja hiyo ni nzuri, nasi tulikuwa tumeiandika hivyo. Lakini mambo matatu yametugeuza.

La kwanza, kikonyo hakiko mbali na kitenzi kukonyoa, yaani kuvunja kitu kidogo kutoka mahali kilipoota, kama mtu akonyoavyo hindi au kitawi. Aliyelipeleka neno hili kwenye kahawa hakuwa mjinga. Alisikia ndani yake kitendo cha kutenga kipande na mama yake. Kwa hakika kikonyo cha kahawa hukatwa kwa kisu kikali na wala hakikonyolewi kwa vidole, lakini majina hayaulizwi kila jambo.

La pili, neno hili halina mpinzani katika kahawa. Tulipouliza maana ya kikonyo penye vitalu, tulipata jibu moja: kipande cha shina bichi chenye fundo moja na majani yake yaliyopunguzwa. Hakuna aliyetuonyesha kijiti cha tunda. Neno lisilo na utata miongoni mwa watu wanaolitumia lina sifa ambayo istilahi nyingi zilizobuniwa mezani zimeikosa.

La tatu ni lile la mwembe hapo juu. Hata sisi, tuliokuwa tunalikosoa, tulipohitaji neno fupi la kipande kinachokatwa ili kiendeleze mti, ni hilo lililotujia. Neno lililokwisha kuingia katika kalamu ya anayelipinga limeshinda kesi yake.

Twahitimisha kwamba kikonyo kwa maana ya kipande cha kuoteshea ni istilahi halali ya kilimo cha kahawa, almradi ielezwe mara ya kwanza inapotajwa, ili msomaji wa visiwani asidhani ni makonyo yake.

Kosa liko wapi: neno tawi

Kama kikonyo hakina hatia, nani mkosaji? Tutasimulia.

Katika wilaya ya Muleba tulikaribishwa na mzee mmoja ambaye kibanja chake kimetunzwa vizuri: migomba imetandazwa nyasi, na mibuni ya zamani imepogolewa. Pembeni kulikuwa na mistari miwili ya mibuni michanga isiyofanana na mingine. Ilikuwa hai na ina majani ya kupendeza, lakini haikusimama. Ilitambaa chini ikielekea upande mmoja, kama mboga ya maboga. Tulimwuliza ilikuwaje.

"Wanangu," alisema, "hiyo niliiotesha mwenyewe. Ilikuja karatasi inaeleza namna ya kuotesha kahawa nyumbani. Iliandikwa: chagua tawi lenye afya. Mimi tawi nalijua tangu nikiwa mtoto. Nikachagua lililo zuri kuliko yote."

Tuliiomba karatasi hiyo. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili safi kisicho na kosa la sarufi, na idara iliyoitoa hatuitaji hapa. Haikutumia kikonyo wala kipandikizi wala neno lolote la kutatiza. Ilitumia tawi, neno ambalo kila mtoto wa shule analijua. Na neno hilo jepesi ndilo lililomwangusha mzee yule.

Mbuni una tabia ambayo maua mengi ya nyumbani hayana. Una sehemu zinazokua kwenda juu, na una matawi yanayokua kwenda pembeni na kuzaa matunda. Sehemu hizi mbili hazibadilishani kazi. Kipande kilichokatwa katika shina linalokwenda juu huleta mti unaosimama. Kipande kilichokatwa katika tawi la pembeni hutoa mizizi pia, hutoa majani pia, lakini huendelea kuwa tawi: hulala na kutambaa, na hakiwi mti wa kusimama hata kikitunzwa miaka mingi. Mzee hakukosea kukata, hakukosea kumwagilia, wala hakukosea kusoma. Alitii.

Kipande kifaacho hutokana na yale machipukizi yanayosimama wima kutoka katika shina, ambayo katika Kiswahili cha kahawa huitwa maotea. Ndiyo maana katika bustani mama shina huinamishwa: likiinama huchipuza maotea mengi kwa urefu wake. Na hapa kuna jambo ambalo mfasiri hakulijua. Kwa miaka mingi mkulima amefundishwa kwamba maotea ni uchafu, yaondolewe na kutupwa kwa kuwa yanakula chakula cha mti. Neno hilo lina sifa mbaya shambani. Yamkini aliyefasiri alisikia kwamba kipande hutoka katika chipukizi fulani, akaona maotea ni neno la kuogopesha, akachagua tawi kwa kuwa lina heshima. Heshima hiyo ilimgharimu mzee miaka mitatu na mistari miwili ya shamba.

Funzo lake kwa wenzetu wa kazi ya tafsiri ni hili. Neno la kitaalamu ambalo msomaji halijui humfanya aulize. Neno la kawaida lililotumiwa pasipo mahali pake halimfanyi aulize kitu, kwa sababu anadhani amekwisha kuelewa. Mzee angekutana na neno "kikonyo cha otea" angemwendea bwana shamba kuuliza maana yake, na jibu lingemwokoa. Alipokutana na "tawi" hakuwa na la kuuliza. Tumezoea kuipima istilahi kwa wepesi wake, na kipimo hicho ni chema. Lakini wepesi ukizidi usahihi huwa ni mtego. Twapenda kusisitiza jambo hili hasa kwa sababu, katika mijadala yetu, mara nyingi neno geni ndilo linalosimamishwa kizimbani, na neno la nyumbani huachiwa lipite bila kuulizwa.

Vitenzi kuota, kuchipua na kushika

Jina likiisha kurekebishwa, bado kuna kitenzi. Karatasi ile ile ilisema: "Vikisha kuota, vihamishie kwenye viriba." Je, kipande cha shina huota lini?

Mbegu ikiota hutanguliza mzizi, kisha jani huonekana. Anayeona jani ana hakika ya mzizi. Kipande cha shina hakifuati utaratibu huo. Kina akiba ya chakula ndani yake, na chaweza kuchipua majani mapya juu hali chini hakijatoa mzizi hata mmoja. Mwenye bustani akiona majani husema vimeota, huving'oa na kuvihamisha, na baada ya siku chache vyote hukauka. Husema udongo ni mbaya. Udongo hauna kosa, kosa ni la kitenzi.

Kiswahili kina njia ya kutenganisha mambo haya bila kubuni neno lolote. Kuota ni kwa mbegu. Kuchipua ni kutoa majani au matawi mapya. Na kwa mmea uliopandwa ukakubali ardhi tunasema umeshika. Kipande kilichochipua huenda hakijashika. Kilichoshika kina mizizi. Maelezo yanayosema "usivihamishe hadi vishike, hata kama vimechipua" yana maneno sita tu, na yanabeba elimu yote inayotakiwa. Kwa robusta kushika huchukua muda wa miezi miwili hadi mitatu, kipande kikiwa kivulini, chini ya kifuniko cha nailoni kinachozuia unyevu usitoroke. Anayengoja kwa hesabu ya majani hawezi kuwa na subira ya miezi miwili. Anayengoja kwa hesabu ya kushika atakuwa nayo.

Mama na mwana

Neno moja zaidi linastahili kutajwa kwa ufupi. Mti unaokatwa vipande huitwa mti mama, na shamba lake huitwa bustani mama. Majina hayo ni mazuri. Lakini baadhi ya waandishi wameendelea mbele na kuviita vipande "watoto" wake. Mfano huo unapotosha. Mtoto huchukua kwa baba na kwa mama, na hutofautiana na wote wawili. Kipande cha shina hakina baba. Ni mama yule yule katika mwili wa pili, pamoja na nguvu zake zote na udhaifu wake wote.

Jambo hili lina matokeo shambani. Mkulima akipanda shamba zima kwa vikonyo vya mti mmoja, amepanda mti mmoja mara mia. Na kwa kuwa robusta haijichavushi, miti hiyo mia haiwezi kuchavushana yenyewe kwa yenyewe, hata kama imesimama karibu karibu. Huchanua vizuri na kuzaa haba. Ndiyo sababu ya kuchanganya aina katika shamba. Anayeambiwa kwamba hao ni "watoto" hawezi kuona sababu ya kuchanganya, maana watoto wa mama mmoja hutofautiana. Anayeambiwa kwamba ni mti ule ule huiona mara moja.

Kibanja na kiwanja

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya wakulima wa mkoa mmoja na hayahitaji jarida la taifa. Tutamjibu kwa mfano wa neno kibanja, ambalo tumelitumia tangu mstari wa kwanza bila kulieleza. Kibanja cha Kihaya na kiwanja cha Kiswahili ni neno moja kwa asili, lakini njia zao zimeachana. Kiwanja ni eneo tupu la kujengea au la kuchezea. Kibanja ni nyumba pamoja na migomba, mibuni, maharage na makaburi ya wazee yaliyoizunguka. Nje yake ndipo huanza rweya, yaani uwanda wa nyasi. Mtumishi mgeni anayefasiri kibanja kuwa kiwanja katika jalada la ardhi ameifuta migomba yote kwa herufi moja. Anayekifasiri kuwa shamba ameifuta nyumba.

Kanuni ya kazi yetu imekuwa kwamba neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kwenda mbali zaidi. Kanuni hiyo ni njema, lakini haitoshi kuchukua neno; hapana budi kuchukua pia ujuzi wa mtu anayelitumia. Maotea yalikuwa ndani ya Kiswahili siku zote. Kushika kulikuwa ndani ya Kiswahili siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kalamu kwenda hadi penye kitalu kabla ya kuandika.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa umma yafuatayo:

1. Kipande cha shina kiwe jina la jumla la sehemu yoyote ya shina inayokatwa ili ioteshwe, katika maandishi yasiyohusu zao maalumu, yakiwemo ya maua ya nyumbani.

2. Kikonyo kikubaliwe katika kahawa kwa maana ya kipande kifupi cha otea chenye fundo moja na majani yaliyopunguzwa. Mara ya kwanza kiandikwe "kikonyo cha otea", ili mahali kinapokatwa pawe ndani ya jina lenyewe.

3. Pingili ibaki kwa muhogo na muwa. Marando yabaki kwa viazi vitamu na mimea mingine itambaayo.

4. Kipandikizi kisitumike kwa vipande vinavyooteshwa vyenyewe. Kwa kuunganisha sehemu za miti miwili kitumike kitenzi kubebesha.

5. Tawi lisitumike kabisa katika maelezo ya kuotesha kahawa, isipokuwa pale mwandishi anapomwonya msomaji asilikate.

6. Mbegu, katika habari za robusta, itumike kwa punje peke yake. Fomu za takwimu ziwe na safu tatu: mbegu kwa kilo, vipande kwa mafungu, na miche kwa idadi.

7. Kuota kuwe kwa mbegu, kuchipua kuwe kwa majani mapya, na kushika kuwe kwa kutoa mizizi.

Hitimisho

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Migomba ina msamiati wake mpana ambao hatukuugusa, na wenzetu wanaofundisha kilimo katika shule za msingi bila shaka wana maneno ambayo hatukuyasikia. Tutafurahi kuyapokea na kuyajadili katika kurasa hizi.

Tulipomuaga yule mzee wa Muleba, tulimwuliza kama ataing'oa ile mibuni iliyolala. Alisema hataing'oa yote. Ataacha michache karibu na njia, ili kila jirani anayeleta karatasi mpya kutoka ofisini aonyeshwe kwanza kilicho nyuma ya maneno. Twaona mzee huyo amejiwekea kamusi yake mwenyewe, na kwa neno tawi inatoa maelezo yaliyo wazi kuliko yetu.